Mkate wa Tawi la Thelathini na Moja

"Nani ameuuza?"

Hapo ndipo nilipowaacha, na najua mlikasirika. Kuna msomaji ameniandikia kwamba wiki nzima mkate haumpiti kooni kwa ajili yangu. Pole, ndugu yangu. Mhasibu naye haumpiti, na yeye ndiye mwenye duka.

Kwa aliyeingia leo, asogee hapa nimpe nafasi. Mhasibu ni yule mama aliyeshika fedha za shule miaka kumi na minne bila kupotea hata senti. Alistaafu mapema, akachukua kiinua mgongo chake chote akanunua haki ya kufungua tawi la kampuni ya mikate. Jina lao, mapishi yao, mtaji wako. Ameajiri watu watano, kila mmoja ameacha kibarua chake cha zamani. Mkufunzi wa kampuni amewafundisha wiki tatu. Bango liko juu, ufunguzi ni Jumatatu.

Na leo Ijumaa, saa nne asubuhi, Mkaguzi wa makao makuu ameingia bila hodi, ametoa mkate kwenye mkoba na kuukata katikati juu ya kaunta mpya. Ndani mbichi. Donge limeng'ang'ania kisu.

"Nimeununua hatua mia mbili kutoka mlango huu," alisema. "Nauliza tena. Nani ameuuza?"

"Huo si wetu," Mhasibu alijibu. Sauti ilimtoka nyembamba kuliko alivyokusudia.

Mkaguzi aliugeuza mkate chini juu. Tumboni, kwenye ganda, kulikuwa na namba: 31.

Msomaji, namba ile si pambo. Kampuni imechonga namba ya tawi ndani ya kila kopo la kuokea, kwenye kitako, na mkate ukitoka unatoka nayo. Hakuna mkate wao unaoweza kukana nyumbani kwao.

"Tawi la thelathini na moja ni lipi, mama?"

"Ni hili."

"Ahsante."

Huyu Mkaguzi ni mwanamke mfupi, mwenye viatu vya kelele, na ana namna ya kusema ahsante inayokufanya utamani angekutukana yaishe.

Mkufunzi aliruka kutoka kwenye stuli yake. Jamaa ni mwembamba kama mpini wa ufagio, na tangu afike hajawahi kumaliza sentensi bila kukitaja kitabu cha kampuni.

"Kitabu kinasema mkate wa mafunzo uharibiwe, na umeharibiwa!" alisema, akipigapiga daftari. "Mikate arobaini kila siku. Imehesabiwa, imemwagiwa maji ya bluu isiliwe, imetupwa. Saini yangu hii, saini ya mwenye tawi hii. Mimi sina neno."

Feni ilikuwa inazunguka kwa kasi yote, na bado jasho lilikuwa likimtiririka hadi kwenye kola.

Ndiyo sheria yao. Mkate uliookwa na mwanafunzi hauuzwi, haugawiwi, hauliwi. Maana mlaji akikutana na mkate mbovu hasemi "masikini, huyu bado anajifunza." Anasema jina la kampuni, tena kwa sauti.

Mkaguzi alilaza fomu juu ya kaunta.

"Mistari miwili tu. Jina la aliyehusika, na yeye ni nani kwenye tawi. Akiwa mfanyakazi, unamfukuza leo, unagharamia mafunzo ya mwingine, unafungua mwezi ujao. Akiwa mwenye tawi, mkataba umekufa na ada uliyolipa hairudi. Akiwa mtu wa nje mwenye kopo letu, huo ni wizi, naenda polisi, na mkataba umekufa vilevile."

"Nikiacha wazi?"

"Nikitoka hapa fomu iko wazi, Jumatatu bango lile linateremshwa."

 Kichwa cha Mhasibu, ambacho hakijui kupumzika, kilikuwa kimeshaanza kupekua bajeti yake mstari kwa mstari.

Na hapo ndipo palipomchoma. Katika fungu la mafunzo alikuwa ameandika kila kitu. Ada ya Mkufunzi, malazi yake, nauli yake, posho ya wanafunzi wiki tatu, aproni, kofia, hata chai ya saa nne. Kitu kimoja hakukiandika. Unga wa kuharibu!

Alidhani mafunzo ni maneno na karatasi, kama semina za shule. Hakujua kwamba mtu mmoja huharibu mikate minane kwa siku kabla mikono haijaelewa, na kwamba unga ule ni wako, umeme ule ni wako, hamira ile ni yako. Siku ya kumi stoo ilikuwa tupu. Akiba ya ufunguzi yote ilikuwa imekwenda pipani na maji ya bluu.

Siku ya kumi na mbili, mifuko minne ya unga ilionekana stoo. "Mama mkwe wako kaleta," Mkufunzi alimwambia. Na Mama Mkwe alipoulizwa alisema, "Mchango wa akina mama wenzangu, wewe fanya kazi."

Mhasibu, aliyewahi kumrudisha mwalimu mkuu kilomita sita kwa ajili ya risiti ya chaki, hakuuliza risiti. Alishukuru, akageuza uso.

Sasa unga ule ulimgeukia wenyewe.

"Wafanyakazi wako waje," Mkaguzi aliamuru.

Walikuja wote watano, wakasimama mbele ya kaunta na aproni zao mpya zenye mikunjo ya dukani. Wanne walitikisa vichwa hata kabla ya kuulizwa. Wa tano alikuwa Kimya.

Kimya ni jina la utani, na linamtosha. Dada huyu hasemi asubuhi, hasemi jioni, lakini mkate wake ndio uliokuwa wa kwanza kupita mtihani. Ndiye pia aliyepewa kazi ya kutoa pipa nje na kumwaga ile rangi.

Alipiga hatua mbele.

"Ni mimi," alisema.

Jamani! Mmoja wa wale wanne alishika mdomo. Mkufunzi alishusha pumzi ndefu mno kwa mtu asiye na neno.

"Wewe ndiye uliyeuuza?" Mkaguzi aliuliza.

"Pipa nilikuwa natoa mimi. Niandike mimi."

"Kimya, unajua unachosema?" Mhasibu alimshika mkono. "Unafukuzwa, unaelewa?"

"Naelewa, mama. Kazi wataichukua. Kuoka wameshanifundisha, hilo halitoki tena." Halafu akainamisha kichwa. Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Mkaguzi alichomoa kalamu na kuisogeza mbele ya Mhasibu. Haki ya Mungu ilikuwa njia rahisi. Jina moja, mwezi mmoja wa hasara, duka limepona.

Mhasibu aliigusa kalamu.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa kwa kishindo.

"Binti! Binti yangu! Ile ya Jumanne haikubaki hata mmoja? Wateja wamenisimamia pale kama wanadai mahari!"

Alikuwa Mama Mkwe mwenyewe, kitenge kiunoni, kikapu kitupu mkononi, miwani juu ya kichwa. Aliingia hadi katikati ya chumba ndipo alipoishusha miwani. Aliona viatu vya kelele. Aliona mkate uliopasuliwa. Aliona nyuso nane zikimtazama.

"Ehee," alisema. "Kuna mgeni."

Mhasibu alitamani sakafu ipasuke, na sakafu yenyewe ilikuwa ya vigae vipya.

"Wateja gani, mama?" Mkaguzi aliuliza taratibu.

Mama Mkwe aliketi bila kukaribishwa. Mwanamke huyu amepikia hospitali miaka thelathini, madaktari walikuwa wakimpisha njia, hatishwi na mkoba wa ngozi.

"Wa mikate. Mnatupa chakula, mimi nikae nitazame? Siku ya kwanza nilivyoona huyu baba anamwaga bluu juu ya mkate, niliishiwa nguvu, nusura nidondoke. Nikamwambia binti huyu, kabla hujamwaga nipitishie. Msimlaumu. Nilimwamuru, naye ana adabu."

"Kwa hiyo mlikuwa mnaiuza."

"Na unga wenu wa siku ya kumi na mbili ulitoka wapi, mbinguni? Nimewanunulia mifuko minne mimi! Mkwe wangu ana akili za kuhesabu fedha za watu mia tano, lakini hakuhesabu unga wa kujifunzia. Ningemwambia angekataa. Nikafunga mdomo."

Msomaji, aibu iliyompanda Mhasibu ilianzia miguuni. Mbele ya wafanyakazi wake, mbele ya makao makuu, kosa lake la bajeti limeanikwa na mama mkwe. Na chini ya aibu hiyo, bila kutaka, alisikia upendo. Mifuko minne!

"Basi nimepata jibu langu," Mkaguzi alisema, akivuta fomu.

"Jibu gani? Kwa mkate huo?" Mama Mkwe aliunyanyua nusu mkate, akaunusa, akaubonyeza kwa kidole, akaurudisha kwa dharau. "Huu haujapita mikononi mwangu."

"Una namba ya tawi hili."

"Ndiyo maana nakwambia si wangu. Mimi kitako nakikata! Nakikata chote, nakausha vipande kwenye jiko langu mpaka vinalia kau, natia kwenye mifuko. Kitako kina namba, mama, na mimi si mtoto wa juzi. Nenda kwangu, vitako utavikuta kwenye banda la kuku. Kuku wangu wote sasa wanajua kuhesabu mpaka thelathini na moja."

Mmoja wa wafanyakazi alicheka, akajifanya kakohoa. Hata Mkaguzi mdomo ulimchezacheza kidogo, akaukaza.

"Hilo la vipande tutalijadili," alisema. "Lakini mkate huu ulikuwa mzima. Na saa mbili asubuhi nilipoununua ulikuwa wa moto."

 Sasa Mhasibu ndiye aliyeinua kichwa.

"Wa moto? Leo?"

"Leo."

"Tanuri hili halijawashwa tangu Jumanne," Mhasibu alisema. "Mtihani uliisha Jumanne. Weka mkono, lisikie lenyewe."

Mkaguzi aliliendea tanuri, akaweka kiganja. Baridi kama jiwe la mtoni.

"Basi kuna mtu anaoka nje na kopo lenu," alisema. "Makopo yako mangapi?"

"Arobaini!" Mkufunzi alijibu haraka. "Kitabu kinasema arobaini, na yako arobaini."

"Sijakuuliza kitabu."

Mhasibu alikwenda mwenyewe kwenye rafu. Hakumwachia mtu. Alihesabu kwa kidole, kopo kwa kopo, kama alivyokuwa akihesabu madawati. Alirudia. Mara ya tatu hakuhitaji, lakini alihesabu.

Thelathini na tisa.

Aligeuka, na macho yake yakagongana na ya Mama Mkwe. Yule mama shupavu, aliyekuwa akifoka sasa hivi, alikuwa amevua miwani na kuifuta kwa kona ya kitenge. Miwani haikuwa na uchafu wowote.

"Mama?"

Mama Mkwe alimvuta pembeni, karibu na ndoo za deki.

"Kopo liko kwako," alinong'ona. "Kabati la jikoni, nyuma ya dumu la maji. Mimi nilidhani mmekubaliana."

"Kwangu? Kwangu nyumbani?"

"Mwanangu huyo. Mume wako."

Mhasibu aliegemea ukuta.

Miezi minane mume wake yuko nyumbani tangu kiwanda cha rangi kilipofunga. Walipojaza ombi la tawi, jina lake lilikuwepo. Wafanyakazi sita, yeye wa sita. Kisha Mhasibu akaona gharama ya mafunzo kwa kila kichwa, akachukua rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari juu ya jina la mumewe. "Wewe nitakufundisha mwenyewe, bure," alimwambia. Mume akacheka. "Sawa, bosi."

Hakumfundisha. Nafasi ilipatikana wapi? Kila siku alirudi amechoka, akaoga, akalala.

Na kumbe wiki mbili hizi mume alikuwa akiosha vyombo bila kuombwa, jiko linang'aa, madirisha wazi asubuhi na mapema. Mhasibu alidhani amebadilika tabia. Alikuwa hata amemsifu kwa dada yake kwenye simu!

"Mmemaliza?" Mkaguzi aliuliza. "Nina gari linanisubiri."

Mhasibu alirudi kwenye kaunta. Miguu haikutaka, aliilazimisha.

Akiandika jina la mumewe, ni mtu wa nje, ni polisi, na mkataba umekufa. Akiandika lake, mkataba umekufa. Miaka kumi na minne ya chaki na risiti, imekwenda. Watu watano walioacha vibarua vyao, wote unga wao umemwagika.

Kimya alikuwa akimtazama. Alitikisa kichwa kidogo, kukubali. *Niandike mimi.*

Mhasibu alishika kalamu. Mkono ulianza na mstari wa chini, ule usemao yeye ni nani. Akaandika: *Mfanyakazi*.

Kalamu ikapanda mstari wa juu. Aliandika herufi ya kwanza ya jina la Kimya. Akaitazama. Aliona ile kalamu nyekundu, ile rula, yule mtu akicheka na kusema sawa bosi. Mara ya kwanza alimkata mtu ili hesabu zikae. Sasa anamkata wa pili.

Aliifuta ile herufi kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika.

"Mama, unaharibu fomu yangu," Mkaguzi alisema.

Na ndipo mlango wa mbele ulipofunguliwa, msomaji, na sina namna ya kukuandaa.

"Mke wangu! Umeiva!"

Mume wake alisimama mlangoni na aproni ya jikoni kwao, ile ya maua, kitambaa kimefungwa kidole kilichoungua, na mikononi amebeba mkate kama mtu aliyetoka wodi ya wazazi na mtoto wake wa kwanza. Hakuona mtu mwingine. Alimwona mkewe tu.

"Ule wa asubuhi ulinitia aibu, ndani mbichi tupu, nikampa mama wa kioski akalishe kuku wake. Huu hapa! Nimetaka Jumatatu nikushangaze, nimeshindwa kusubiri. Gonga chini, sikia unavyolia!"

"Mama wa kioski," Mkaguzi alirudia. "Wa kuku."

Ndipo mume alipomwona. Halafu akauona ule mkate mbichi kwenye kaunta, mkate wake, umelala pande mbili. Furaha ilimtoka usoni polepole, na Mhasibu aliona kila hatua ya kutoka kwake.

"Nani huyu?" Mkaguzi aliuliza.

Mkufunzi alikuwa ameinama, anatafuta kitu chini ya stuli. Mama Mkwe alikuwa amefumba macho.

Mhasibu aliweka kalamu chini. Sauti safari hii haikuwa nyembamba.

"Ni mfanyakazi wa sita," alisema. "Huyo ndiye ambaye sikumlipia."

"Kwenye orodha yangu kuna watano."

"Angalia nakala ya kwanza ya ombi. Wako sita. Wa mwisho amepigwa mstari mwekundu, kwa rula. Mstari ule ni wangu. Niliogopa gharama ya kumfundisha, na unga wa kujifunzia sikuuandika kabisa. Mama huyu ameulipa, dada huyu ameubeba, na mume wangu amejifunza peke yake nyuma ya dumu la maji. Kama kuna jina la kuandika hapo, andika la aliyepiga hesabu."

 Mume alimtazama mkewe kana kwamba ndiyo kwanza anatambulishwa.

Mkaguzi hakuandika. Alichukua mkate mpya mikononi mwa mume, akaugeuza, akasoma 31, akaugonga kitako kwa vidole. Ulilia vizuri. Aliushusha kwenye kaunta, akafuta kisu, akakata.

Ndani ulikuwa mkavu, mweupe, wenye vitundu sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo. Juu ulikuwa na mkato ule wa pembeni, wa kimshazari, ambao kampuni huufundisha kwa mdomo tu, ambao haumo katika kitabu chochote.

"Umejifunza peke yako?" Mkaguzi alimuuliza mume. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Mume alikuwa bado ana ile haraka ya mtu mwenye habari njema, hakujua kuizuia. "Siwezi kusema peke yangu, dada. Nilikuwa nalipa kidogokidogo, kila Jumapili. Na hiki ndicho kilichonisaidia kuliko vyote, leo kimesoma nyuzi tisini na sita, ndipo nikautoa!"

Akachomoa kwenye mfuko wa aproni kipimajoto cha sindano ndefu, chenye nembo ya kampuni kwenye mpini. Kile kile ambacho wiki iliyopita Mkufunzi aliapa kimeibwa, na Mhasibu akakilipa.

Mhasibu aligeuka. Stuli ilikuwa tupu. Daftari halikuwepo juu yake.

Mkufunzi alikuwa ameshafika mlango wa nyuma, daftari kwapani. Lakini mlangoni pale palikuwa pamejaa kitenge, kikapu na miaka thelathini ya jiko la hospitali.

"Unakwenda wapi, baba, hata hujatuaga?" Mama Mkwe alisema, akipanua viwiko. "Rudi uketi, utusomee. Hicho kitabu chako kinasemaje kuhusu Jumapili?"

Nyuma yao, Mkaguzi alifunga mlango wa mbele kwa ufunguo, akautia ufunguo kwenye mkoba wake.